Byrhtnoth kati ya Maldon na Ely: tathmini ya vituo viwili vya historia

Mgeni anayetaka kumfuatilia Byrhtnoth, liwali wa Essex aliyeuawa na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, mwezi Agosti mwaka 991, ana vituo viwili vya kutembelea mashariki mwa Uingereza: mji wa Maldon, alikofia, na Kanisa Kuu la Ely, alikozikwa. Wageni wengi huanzia na kuishia Maldon, kwa kuwa vita ndiyo iliyompa jina. Nimevitembelea vyote viwili, na naona kwamba anayetaka kuelewa nguvu ya mtu huyu, wala si kifo chake peke yake, atafaidika zaidi akienda Ely, ingawa huko hakuna uwanja wa vita wa kumwonesha.

Maldon haina treni tangu huduma ya abiria ilipositishwa mwaka 1964, kwa hiyo inabidi kushukia Chelmsford au Witham na kutafuta basi. Mwisho wa njia ya matembezi iliyo kando ya mto Blackwater imesimama sanamu ya shaba ya Byrhtnoth, kazi ya mchongaji John Doubleday iliyozinduliwa mwaka 2006, naye ameinua upanga juu kama mtu ambaye bado anawasubiri maadui zake watokee mtoni. Ni kazi nzuri, lakini kinachostahili safari hasa ni kisiwa cha Northey, mwendo mfupi kutoka hapo, ambacho wanahistoria wengi wanakubali kwamba ndicho Waviking walichopigia kambi. Mtu aliyekulia pwani hatahitaji maelezo marefu. Maji yakipwa, inatokeza njia nyembamba ya mawe, yenye tope na mwani pande zote mbili, ikiunganisha kisiwa na bara. Maji yakijaa, njia yote inamezwa. Ukiitazama kwa macho yako, unaelewa mara moja jinsi wapiganaji watatu walivyoweza kulizuia jeshi zima hapo, kama shairi la kale la Kiingereza linavyosimulia, na kwa nini Waviking waliomba waruhusiwe kuvuka ili pande zote mbili zipigane kwenye nchi kavu. Kisiwa kinasimamiwa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi wa nchi, na ni lazima kuangalia ratiba ya maji na masharti ya kuingia kabla ya kufunga safari, hasa siku za bamvua.

Byrhtnoth aliwakubalia wavuke, akauawa, na shairi lenyewe linamlaumu kwa kujiamini kupita kiasi. Mimi nasita kuungana na lawama hiyo. Adui mwenye meli akinyimwa kivuko hutweka tanga na kushambulia mji mwingine usio na mlinzi, na jeshi la wakulima waliokusanywa kutoka vijijini haliwezi kuwekwa ufukweni kwa majuma kadhaa likisubiri. Alikuwa na adui mbele yake na watu wake tayari, akaamua. Gharama ya kushindwa ilionekana mwaka huohuo, pale Mfalme Æthelred, kwa ushauri wa Askofu Mkuu Sigeric, alipowalipa Waviking pauni 10,000 ili waondoke. Waliporudi, mwaka 994, bei ilikuwa imepanda hadi 16,000.

Upungufu ni kwamba mandhari ya Maldon yanamfungia Byrhtnoth katika siku moja. Alikuwa ameshika cheo tangu mwaka 956, chini ya wafalme wanne, na alipokufa alikuwa mzee mwenye mvi. Kwa miaka 35 aliweka jina lake kwenye hati za wafalme, akaitisha majeshi, akasimamia mashauri ya mkoa, akalinda ardhi yake na ya marafiki zake. Ndoa yake nayo ilikuwa sehemu ya siasa hiyo, kwa kuwa mkewe, Ælfflæd, alikuwa binti wa liwali aliyemtangulia Essex, na dada wa mkewe aliwahi kuolewa na Mfalme Edmund. Mambo haya hayaonekani ukiwa umesimama kwenye tope la Northey.

Ely ni karibu saa moja na robo kwa treni kutoka kituo cha King's Cross, London, na kanisa linaonekana kutoka mbali juu ya nchi tambarare ambayo zamani ilikuwa vinamasi vitupu. Jengo la sasa ni la Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, lilianza kujengwa karne moja hivi baada ya Byrhtnoth kufa, na wageni wengi huja kwa ajili ya mnara wake wa pembe nane, uliojengwa baada ya ule wa kwanza kuporomoka mwaka 1322. Nao wanayo haki, maana ukisimama chini yake na kutazama juu, shingo itakuuma kabla macho hayajachoka. Aliyekuja kwa ajili ya Byrhtnoth, hata hivyo, apite moja kwa moja hadi mwisho wa upande wa kusini-mashariki, kwenye kikanisa cha Askofu West. Humo ukutani vimo vidaka saba, vimehifadhi mifupa ya wafadhili wa kale wa Ely. Sita ni maaskofu. Wa saba ni Byrhtnoth.

Jinsi mwanajeshi alivyopata nafasi kati ya maaskofu inasimuliwa na watawa wa Ely katika kitabu chao cha karne ya 12. Akiwa njiani kwenda vitani alifika abasia (monasteri) ya Ramsey na jeshi lake, na abate, mkuu wa watawa wa hapo, akajibu kwamba angeweza kumlisha yeye na watu saba tu. Byrhtnoth alikataa kula peke yake akiwaacha watu wake na njaa, akaendelea hadi Ely, ambako wote walikaribishwa na kushibishwa. Kesho yake aliwapa watawa mashamba, Spaldwick na Trumpington yakiwemo, kwa sharti kwamba akifa vitani wamzike kwao. Kisa hiki kina harufu ya watawa wanaotetea hatimiliki zao, na kitabu hichohicho kinamwita mtawala wa Northumbria, mkoa ambao hakuwahi kuutawala. Hata hivyo kinaeleza vizuri namna nguvu ilivyojengwa: bwana alidaiwa chakula na heshima na watu wake, monasteri ilihitaji mlinzi, na ardhi ndiyo iliyolipa pande zote. Byrhtnoth alikuwa amekwisha kuwa mlinzi huyo baada ya kifo cha Mfalme Edgar mwaka 975, wakati wakuu wengine walipoanza kunyang'anya mali za monasteri.

Mwili ulifika Ely bila kichwa, kwa sababu Waviking waliondoka nacho, na watawa waliweka donge la nta mahali pake. Mwaka 1769 mifupa ilipofunguliwa, fuvu halikuwemo, na mfupa wa mtulinga ulikuwa umekatwa karibu kabisa. Waliopima walikadiria kimo cha futi 6 na inchi 9, kipimo ambacho naona kimetiwa chumvi. Ælfflæd aliwapa watawa mashamba zaidi na pazia lililotariziwa matendo ya mumewe. Lingekuwepo leo, kanisa lingehitaji foleni ya pili kwa ajili yake, lakini limepotea.

Watalii hulipa kiingilio, ila anayekuja kusali halipi. Kwa mwenye siku mbili, nashauri aanze na Maldon maji yakiwa yamekupwa, kisha Ely. Mwenye siku moja aende Ely, na ahakikishe kwanza kwamba siku hiyo hakuna ibada kubwa wala tamasha, kwa kuwa nyakati hizo sehemu za kanisa hufungwa.