Tumeuza SUV tukanunua haibridi: gari nalipenda, ile gereji siisamehi

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnaitafuta hiyo kwanza. Gari ni zuri. Kama una familia na mizunguko yako ni ya shule, kazini na kurudi nyumbani, haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme na betri yake kubwa, itakupunguzia mafuta kwa kiasi utakachokiona bila kupiga hesabu. Hilo silifuti. Lakini mengine yote nayaandika kwa hasira, na hasira yenyewe haijapoa ingawa majuma kadhaa yamepita.

SUV yetu tulikaa nayo miaka. Unakaa juu, buti pana, mlango ukiufunga unasikia umefungwa. Watoto wetu watatu wamekulia humo. Tuliiuza kwa sababu ya mafuta tu. Foleni ya asubuhi ilikuwa inamaliza tangi tukiwa tumesimama, na kwa kuwa mimi ndiye dereva mkuu wa nyumba yetu, mimi ndiye niliyekuwa nikiutazama mshale ukishuka. Baba watoto alitaka tusubiri kidogo. Nilishikilia. Tukapata haibridi iliyokwisha kutumika, na muuzaji akatuapia kwamba imefanyiwa sevisi zote zinazotakiwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Kwenye foleni injini inajizima, gari linasogea kwa umeme, na ndani panakuwa kimya kiasi kwamba kitinda mimba wetu analala kabla hatujafika popote. Ukikanyaga breki, ule mwendo unaopungua unageuzwa kuwa umeme na kurudi kwenye betri badala ya kuishia kuwa joto kwenye pedi, ndiyo maana pedi zake hudumu kuliko tulizozoea. Na ndiyo maana haibridi ya aina hii inang'ara mjini, kwenye kusimama na kuondoka, kuliko barabara kuu ambako mwendo ni mmoja na injini ndiyo inayobeba kazi karibu yote. Akikuahidi mtu kwamba hata kwenye safari ndefu utatumia nusu ya mafuta, huyo anakuuzia maneno.

Kasoro zipo. Tumbo la gari liko chini, na kila tuta sasa nalipanda taratibu kwa pembe. Buti halimezi mabegi ya watu watano kama zamani. Nyuma, viti viwili vya watoto vikishafungwa, mkubwa wetu anabanwa katikati na mabega yake yamejikunja. Analalamika, na ana haki ya kulalamika. Lakini hayo tuliyaona kabla ya kununua, tukayakubali.

Sasa niseme kilichonileta hapa.

Tulikuwa safarini, gari limejaa, jua la mchana kali, AC imewashwa mpaka mwisho, mbele kuna mlima mrefu. Katikati ya mlima dashibodi ikawaka: pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, na ujumbe wa kutaka mfumo wa haibridi ukaguliwe. Nguvu ikapungua. Nakanyaga mafuta, gari linajikokota. Nikalisogeza pembeni, nikawasha taa za hatari, watoto wakashuka upande wa mbali na barabara.

Aliyekuja kutuvuta alitaka kufunga kamba mbele na kulikokota, magurudumu yote yakiwa chini. Nikakataa. Kitabu cha gari kinasema waziwazi kwamba magurudumu yanayoendesha gari yanyanyuliwe, kwa sababu yameunganishwa na mota, na mota ikizungushwa inazalisha umeme hata kama gari limezimwa. Alinung'unika, lakini akaleta gari la kubeba. Huyo simlaumu sana. Alisikiliza.

Gereji tuliyofikishwa sitaitaja. Fundi mkuu alikuja, akafungua mlango wa dereva, akatazama dashibodi, akaufunga. Hakuchomeka mashine ya kusomea makosa. Hakuuliza tulikuwa tunapanda au tunashuka, kulikuwa na joto au hakuna. Akasema, "Betri kubwa imekufa. Seti nzima inabadilishwa. Haya magari ndivyo yalivyo."

Nikamwuliza, "Fundi, umejuaje bila kupima?"

Akanitazama kama vile kiti cha gari ndicho kilichosema. Kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka moja moja: "Mama, mambo ya umeme ni mazito. Mlete mzee tuongee."

Mzee mwenyewe alikuwa nje anawanunulia watoto maji. Akaingia. Yule fundi aliyekosa sekunde kwa ajili yangu akapata muda wote duniani: akamshika mkono, akamvutia kiti, akamweleza betri kwa mikono yote miwili, na kila alichosema kilikuwa kile kile, hakuna kipimo ndani yake. Mume wangu akamwambia, "Gari ni la mama watoto, na swali lake hujalijibu." Fundi akacheka, akadhani ni utani.

Nikarudi na swali jingine. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna matundu ya kuingizia hewa. Hiyo hewa ndiyo inayopozea betri kubwa, feni inaivuta kutoka ndani ya gari, na inapita kwenye chujio. Nikamwuliza kama feni na chujio hilo limetazamwa. Akajibu kwamba hayo ni matundu ya AC ya abiria wa nyuma. Kitabu ninacho mkononi, ukurasa umefunguliwa, nimemwekea kidole. Hakuinama hata kuusoma.

Ningeweza kumeza mpaka hapo. Dharau nimeshaizoea, gereji nyingi zina yake. Lakini akamwita kijana wake atuonyeshe betri ilipo, wakatoa kifuniko cha nyuma, na yule kijana akapeleka mkono mtupu kwenye nyaya za rangi ya chungwa. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo, ni onyo: umeme unaopita humo unaua. Betri ya nikeli ya Prius (haibridi ya Toyota) ya kizazi cha pili, kwa mfano, ina moduli 28, yaani vipande vinavyoiunda, za volti 7.2 kila moja, jumla volti 201.6, na umeme ukishatoka kwenye betri, inveta, kifaa kinachouandaa kwa ajili ya mota, huupandisha juu zaidi. Kabla ya kugusa chochote unazima gari, unaweka ufunguo mbali, unachomoa ile plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa ukiwa umevaa glavu za fundi umeme, halafu unangoja kama dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita za inveta uishe. Hakuna glavu. Hakuna plagi iliyochomolewa. Hakuna kungoja. Na mtoto wangu wa kati alikuwa amesimama pale pale ameegemea bampa.

Nilipiga kelele. Sijuti hata kidogo. Yule kijana akarudisha mkono, na bosi wake akaniambia nisimfundishe kazi. Kijana wa watu, mwanafunzi wa ufundi, anatumwa kwenye kifo na mtu anayemlipa, na anayesema "ngoja" ndiye anayeambiwa hajui!

Tukaondoka. Gari lilikuwa limeshapoa, lilipowashwa likakubali, tukaenda taratibu bila AC mpaka kwa fundi mwingine tuliyeelekezwa na jamaa mmoja mwenye haibridi ya siku nyingi. Naye ni kijana, mdogo kuliko yule wa kwanza kwa mbali. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomeka mashine. Cha pili, akaigeuza skrini upande wangu.

Akasema, "Mama, tazama hapa. Msimbo wa P0A80 ndio unaotaka betri kubwa ibadilishwe. Wako si huo." Wetu ulihusu feni ya kupozea betri. Akanionyesha volti za mafungu ya betri, moja moja, zikiwa zimekaribiana. Akanieleza kwamba fungu likifa utaliona linaachana na wenzake hasa gari likibebeshwa mzigo, kwa hiyo akaniomba nikae kwenye usukani, nikanyage breki na mafuta pamoja kwa muda mfupi, yeye anasoma. Zikashuka pamoja, zikapanda pamoja. Kisha joto: vihisi vya joto vya betri vilikuwa juu kuliko inavyotakiwa, ingawa gari lilikuwa limepumzika.

Akavaa glavu, akachomoa plagi, akangoja. Akatoa feni. Sijui niielezeje. Mapezi yote yameshikana kwa vumbi na nyuzi, na chujio limekuwa zulia. Vumbi la miaka, la kabla yetu, la gari ambalo muuzaji aliapa limefanyiwa sevisi zote. Akaisafisha feni, akaweka chujio jipya, akafuta misimbo, tukaenda kulijaribu mlimani, AC imewashwa. Hakuna taa. Mpaka leo hakuna taa.

Yule wa kwanza alitaka kuniuzia betri nzima kwa sababu ya vumbi.

Sasa hapo hukumu yangu inapoyumba, nami nasema wazi kwamba imeyumba. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia wenye familia nunueni, msiogope. Nikikumbuka ule mkono wa kijana kwenye zile nyaya, natamani kuwaambia msinunue kabisa. Na si gari ninalolilaumu. Prius ya kwanza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Teknolojia hii imeshafika utu uzima, na bado mtu anafungua gereji, anapokea haibridi, anachukua fedha za watu, hajui hewa ya kupozea betri inaingilia wapi. SUV yetu ya zamani ikiharibika popote, yeyote mwenye spana angetufikisha nyumbani. Haibridi haina huruma hiyo. Yetu haina stata ile ya kawaida, haina altaneta ya kuchaji betri. Injini inawashwa na mota kubwa, na betri ndogo ya volti 12 inachajiwa kutoka kwenye betri kubwa. Hiyo ndogo ikichoka tu, gari halikubali kuwa tayari, dashibodi inawakawaka ovyo, na fundi wa kubahatisha atakwambia tena kwamba ile kubwa imekufa.

Yule kijana alinipa tahadhari nyingine ambayo naiona ya thamani kuliko fedha niliyomlipa. Kompresa ya AC ya gari hizi nyingi inaendeshwa na umeme ule ule mkubwa, na oili yake ni ya aina isiyopitisha umeme. Fundi wa AC akiongeza ile oili aliyoizoea, insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme kutoka, inaharibika, na umeme unaanza kuvuja hadi mfumo mzima unakataa kuwaka. Kwa hiyo usimwache mtu "aongeze gesi kidogo" kabla hajakuonyesha oili anayotumia.

Kwa hiyo nasema hivi: nunua, lakini mtafute fundi kwanza, gari baadaye. Mwulize akuonyeshe glavu zake. Mwulize mashine yake inasoma volti za kila fungu au inasoma misimbo ya injini tu. Akikwepa, ondoka. Muuzaji akisema sevisi zote zimefanyika, mwambie atoe chujio la feni mbele yako ulione kwa macho. Kwenye gari nyingi ni kazi fupi, na atakayekataa amekujibu. Mizigo, mablanketi na makoti ya watoto yasiyazibe yale matundu ya nyuma, hasa safarini, na kila sevisi lidai chujio lifunguliwe, hata wakisema halimo kwenye orodha yao.

Na ninyi wenye gereji, kama mnasoma: mama aliyeleta gari ndiye anayelijua. Ndiye aliyesikia mlio ulioanza, ndiye anayejua feni ya nyuma ilikuwa inavuma kwa siku nyingi kabla ya taa kuwaka. Mimi niliusikia ule mvumo. Ningewaambia mngeniuliza.

Mume wangu anataka tuliuze. Anasema hataki tena kumwona mtoto wake karibu na zile nyaya, na namwelewa. Mimi nimekataa. Kila wiki naona mafuta tunayookoa, mdogo bado analala kwenye foleni, na fundi tumeshampata. Betri kubwa ina umri, itachoka siku moja kama betri yoyote, na siku hiyo nitalipa. Lakini nitalipa baada ya kuonyeshwa kwenye skrini fungu gani limekufa na volti zake ni ngapi.