Nyumba ya Lincoln pale Springfield: bure, na inalipa

Jamani kama unatoka Chicago kwenda St. Louis shuka Springfield, jimbo la Illinois, uingie hii nyumba ya Abraham Lincoln, yule rais wa Marekani. Kiingilio sifuri, unachukua tiketi ofisi ya wageni, unapangiwa saa, renja (mlinzi wa hifadhi anayetembeza wageni) anawabeba kikundi mpaka kona ya Eighth na Jackson, utalipia maegesho tu. Na hiyo bure haijaanza jana, mtoto wa Lincoln, Robert, alivyoikabidhi kwa jimbo mwaka 1887 aliweka sharti watu wasitozwe hela.

Wengi wanaendaga kumuona rais. Mimi nilimfuata yule Lincoln wa kabla ya urais, mbunge wa muhula mmoja, huyo ndo namuelewa. Nyumba alinunua 1844, 1846 akambwaga mhubiri Peter Cartwright kwenye ubunge, akaipangisha kwa dola 90 kwa mwaka akasepa na familia Washington. Kule akamkomalia Rais Polk kuhusu vita ya Mexico, eti hebu tuonyeshe hiyo sehemu hasa damu yetu ilipomwagikia, watu wakambandika jina Spotty, maana hiyo sehemu kwa Kiingereza ni "spot". Kurudi hakugombea tena maana Whig, chama chake, walikuwa wanapokezana kile kiti, na mwenzao aliyefuata akapigwa chini. Akaomba ukubwa ofisi ya ardhi, akapewa mwingine, akaletewa ugavana wa Oregon akaukataa, basi akarudi hapahapa kwenye uwakili wake. Februari 1850 mtoto wao Eddie akafariki, hata miaka minne hajafikisha.

Na hiyo ghorofa mnayoiona nzuri imekamilika 1856, kipindi kile anarudi vyumba vya juu vilikuwa vya paa la mteremko, na jamaa ana futi sita na inchi nne, piga picha mwenyewe anavyoinama humo na mawazo yake.

Humo ndani usiguse kitu ila kishikio cha ngazi, hicho renja mwenyewe anakwambia shika, ndo alichokuwa anashika yeye. Mbao imelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Niliganda pale mpaka mama wa nyuma akanigonga bega nisogee. Halafu chumbani kwake kuna kimeza cha kuandikia, kidogo jamani, magoti sijui alikuwa anayaweka wapi! Mazulia na makaratasi ya ukutani yana maua mpaka macho yanauma, lakini ndo ilikuwa fasheni.

Ziara ni fupi, nusu saa haifiki, kwa hiyo soma kidogo kabla. Njia za nje ni za mbao, mimi nikajitia na visigino, kosa langu. Nyota tano.

Mkitoka mkale horseshoe, chakula chao cha pale, mkate na nyama vimefukiwa na chipsi halafu sosi ya jibini inamwagwa juu. Mgahawa siutaji, mhudumu alitusahau dakika arobaini, ila sahani nilikomba.