Shahada ya Benki na Fedha: nilichopata kwa ada niliyolipa

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine hamtafika mwisho: Shahada ya Benki na Fedha inafaa kusomwa, ila usiisome kwa kutegemea kwamba itakupeleka benki. Mimi niliisoma Dar es Salaam kuanzia 2016 hadi 2019, chuo cha umma, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Chuo chenyewe sikitaji kwa sababu huko mbele nina ya kulalamikia, na nikiongea na waliosoma kwingine nasikia karibu nyimbo zilezile.

Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaosubiri dirisha la udahili. Swali mnalonitumia kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka ni "dada, inalipa?", na meseji moja haitoshi kulijibu.

Mwaka wa kwanza ni wa kusawazishana. Darasa letu lilijaa watu wa tahasusi za ECA (uchumi, biashara na uhasibu), EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na HGE (historia, jiografia na uchumi). Wa ECA walikuja wanajua debiti na krediti toka nyumbani, kwa hiyo wiki za mwanzo za uhasibu walikaa viti vya nyuma wanachati huku sisi wa EGM tumetoa macho. Ikaja hisabati ya biashara na takwimu, kibao kikageuka. Wa HGE, Mungu awape nguvu, walibanwa pande zote mbili, na bado wawili kati ya waliomaliza na GPA za juu walitoka huko. Masomo ya maendeleo na stadi za mawasiliano yamo pia. Watu huyadharau, halafu ndiyo yanawavuta GPA chini.

Alama zetu ziligawanywa 40 za kazi za darasani na majaribio, 60 za mtihani wa mwisho wa semista, yaani UE. Ukikaa kizembe kwenye zile 40, UE inakukuta unahitaji miujiza, na hapo ndipo sapu, mitihani ya marudio, zinapoanzia. Msuli wa kozi hii haupigwi kwa kumeza desa, zile notisi za kunakili. Somo la fedha za kampuni ni la kukokotoa: unapewa mradi, gharama zake leo, mapato ya miaka mitano ijayo, unaulizwa kama uufanye au uuache. Ukikariri njia bila kujua kwa nini unagawanya, mwalimu akibadilisha mwaka mmoja tu kwenye swali umekwisha. Waliofaulu walikaa vimbweta usiku, wanne watano, karatasi moja katikati, wanabishana.

Mwaka wa pili ndio ulionifanya nione kwamba ada yangu haikwenda bure. Tulikuwa tunasoma thamani ya pesa kwa wakati, yaani kwamba laki moja ya leo na laki moja ya mwakani si kitu kimoja. Wikiendi ile nilikwenda kwa mama mdogo Mbagala, ana genge na kiduka cha vipodozi. Alikuwa amechukua mkopo wa mtaani, ile tunayoiita kausha damu, milioni moja kwa mwaka mmoja, na aliambiwa riba ni "asilimia tatu tu kwa mwezi". Nikachukua daftari lake la madeni, nikageuza ukurasa wa nyuma, nikakokotoa.

Riba ilikuwa inapigwa kwenye mkopo mzima, siyo kwenye deni linalobaki. Kwa hiyo kila mwezi 30,000 ya riba, kwa miezi 12 ni 360,000, na rejesho lake lilikuwa 113,333. Mwezi wa kwanza hakuna shida: anadaiwa milioni, analipa riba 30,000, hiyo ni asilimia 3 kweli. Lakini ikifika mwezi wa mwisho, mtaji uliobaki mkononi mwake ni kama 83,000 tu, na bado anatozwa 30,000 ileile. Hiyo ni asilimia 36 kwa mwezi mmoja. Ukiipeleka hesabu yote kwenye mfumo wa salio linalopungua, ile asilimia 3 inageuka kuwa 5 na pointi kidogo kwa kila mwezi, zaidi ya 60 kwa mwaka.

Nilimweleza taratibu, namba kwa namba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo ya benki yenye hesabu nzuri, mimi watanipa?"

Sikuwa na jibu, na kitabu hakikuwa na jibu. Hapo ndipo penye ubora na upungufu wa shahada hii kwa pamoja. Inakupa kipimo sahihi cha bei ya pesa, kitu ambacho watu wengi wenye mishahara mizuri hawana. Lakini inakusomesha ukiwa umekaa upande wa kaunta wa yule anayekopesha, na mteja anayezungumzwa darasani ni kampuni yenye hesabu zilizokaguliwa. Mama mdogo na daftari lake hayumo.

Jambo jingine lililonifunza lilitoka nje ya silabasi. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu ya kutokuwa na mtaji na ukwasi (pesa ya kuwalipa wanaodai) wa kutosha: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Mhadhiri wetu wa usimamizi wa benki aliingia darasani na tangazo lile mkononi, akaweka notisi pembeni, akatumia kipindi kizima kuuliza: mwenye akiba ya milioni 10 mule ndani leo anapata nini? Wengi tulidhani atapata zote. Kumbe Bodi ya Bima ya Amana wakati ule ilikuwa inakinga hadi shilingi 1,500,000 kwa mteja. Kinachozidi hapo unasubiri ufilisi ukamilike, mali ziuzwe, madeni yakusanywe. (Kikomo hicho baadaye kilipandishwa hadi 7,500,000.) Mpaka leo nikiona mtu ameweka pesa yote ya kiinua mgongo kwenye kabenki kamoja kwa sababu riba ni nzuri, nakikumbuka kipindi kile. Wahadhiri wa namna ile wangekuwa wanne tu, ningetoa nyota zote.

Maana wengine walikuwa wanasoma slaidi. Mifano ilikuwa ya kampuni za Marekani, dola, viwango vya riba vya Marekani, wakati Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya biashara tangu 1998 na liko mwendo wa miguu kutoka vyuo kadhaa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018 tukiwa mwaka wa tatu. Ndiyo iliyowagawa watoa huduma ndogo za fedha katika madaraja manne, ikawaingiza kwenye leseni hata wakopeshaji wa mtaani wasiopokea amana, na ikavitambua mpaka vikoba. Kwa nchi hii, sheria hiyo ingetosha kuwa somo zima. Sisi tuliigusa kwa kipindi kimoja, na kwenye UE haikuja. Pesa za kwenye simu, ambazo Watanzania tumezitumia kabla ya wengi wetu kufungua akaunti, zilipewa kurasa chache kama habari za ziada.

Excel nayo ilifundishwa kwenye maabara ambayo kompyuta moja mnakaa watatu. Mmoja anabonyeza, wawili wanatazama. Jifunze mwenyewe mapema, hata kwa kompyuta ya kuazima, kwa sababu kazini ndiyo kitu cha kwanza kuulizwa. Kama chuo chako kinashiriki shindano la wanafunzi la Soko la Hisa, lile unalopewa mtaji wa kubuni unanunua na kuuza kwa simu, ingia hata kama huna mpango wa kushinda. Mimi ndiko nilikojua tofauti ya bei kupanda na gawio kulipwa, na kwamba unaweza kuwa na hisa nzuri ukakosa mnunuzi wiki nzima.

Fildi sasa, yaani mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa tawi la benki moja, na sehemu kubwa ya muda nilipanga mafaili, nikapiga vivuli vya vitambulisho, nikawaelekeza wateja wapi pa kusaini. Kwenye mfumo hugusi, na hilo sililaumu, siri za wateja si za mwanafunzi. Ninacholaumu ni kutokuwepo mtu yeyote aliyekuwa na kazi ya kunifundisha; msimamizi kutoka chuo alikuja, akasaini kitabu, akauliza kama nakula vizuri, akaondoka.

Siku moja tu iliokoa fildi yote. Afisa mikopo alinichukua kwenda Manzese kumkagua mwombaji mwenye duka la jumla la soda. Mwombaji hakuwa na vitabu vya hesabu. Afisa hakuuliza hata kimoja. Alihesabu kreti zilizojaa na kreti tupu, akagusa vumbi juu ya katoni za rafu ya juu kujua mzigo gani hautoki, akaomba aone miamala ya simu ya miezi mitatu, kisha akavuka barabara kununua maji kwa jirani na kupiga naye stori. Tulipokuwa tunarudi kwenye bajaji akaniambia, "Huyu mauzo yake ni ya kweli, ila kreti zile nusu si zake, ni za mkopo wa kampuni. Tumpe nusu ya alichoomba." Yale mambo matano ya kuangalia kwa mkopaji, tabia, uwezo, mtaji, dhamana na mazingira, tulikuwa tumeyaandika kwenye mtihani kwa aya nzuri. Yeye aliyamaliza kwa chupa moja ya maji.

Kuhusu ajira nitasema bila kuficha. Benki zinaajiri, lakini mlango ulio wazi kwa mhitimu mpya ni mauzo: mkataba wa kamisheni, kufungua akaunti na kuuza mikopo ya watumishi, na tageti juu ya kichwa kila mwezi. Kazi hiyo humpa nafasi hata mwenye shahada ya sosholojia akijua kuongea. Wenzangu kadhaa walianzia hapo na wawili watatu sasa ni maafisa mikopo. Wengine walichoka wakaenda kwenye bima na uwakala wa pesa za simu, na kuna mmoja ana vibanda vitano vya uwakala na anatuzidi wote kipato. Serikalini na kwenye mashirika, nafasi nyingi za fedha zinataka CPA, cheti cha uhasibu kinachotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA, na aliyesoma uhasibu yuko karibu zaidi na mitihani ile kuliko sisi. Ukishajua roho yako iko kwenye uhasibu, soma uhasibu moja kwa moja, usizunguke. Kwa anayetaka kubaki upande wa benki, Taasisi ya Mabenki Tanzania nayo ina mitihani yake ya kitaaluma, na hiyo inaongeza uzito kwenye CV.

Na usisahau bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, lina mwenyewe. Ukipata ajira, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Sisi tulibahatika kwamba ile asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa inavimbisha deni kila mwaka, ilifutwa 2021. Kabla ya hapo nilikuwa nakatwa na deni likawa kama linanicheka.

Mimi niliishia kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watumishi, na hapa ndipo nilipoona shahada ikifanya kazi kila siku. Mwaka 2022 Serikali ilishusha riba ya hati fungani mpya (karatasi za kuikopesha Serikali) za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mwanachama wetu mmoja mstaafu, aliyekuwa amenunua 2021, alikuja amefura: "Binti, wamenipunguzia hela yangu!" Nikampa kiti. Nikamwonyesha kwamba hati yake ya zamani inaendelea kulipa 15.95 mpaka itakapoiva 2046, na kwamba kwa kuwa mpya zinalipa kidogo, yake sasa ina wanunuzi walio tayari kulipa zaidi ya thamani iliyoandikwa. Alinyamaza, akauliza mara mbili kuhakikisha, kisha akaniuliza kama anaweza kununua nyingine za zamani za namna ileile. Unaweza kumaliza miaka mitatu ya masomo ya fedha usipate mtihani mzuri kuliko swali hilo.

Nani aichukue? Anayependa namba lakini pia anapenda kujua watu wanafanyaje na hela zao. Anayetaka suti na kiyoyozi tu, atachoka kwenye tageti ya mwezi wa pili. Kabla ya kujaza chaguo la kwanza, pitia kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uone sifa za kila chuo, kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hapohapo umuulize mambo mawili: nani anatafuta nafasi ya fildi, chuo au wewe mwenyewe, na kompyuta moja mnakaa wangapi. Majibu yake yatakuambia mengi kuliko tovuti yenye picha za mahafali.

Kalkuleta nunua ya sayansi yenye vipeo, siyo ile ya dukani ya kujumlisha mboga, na uinunue wiki ya kwanza. Kwenye chumba cha UE simu haiingii, na hakuna atakayekuazima yake.