Duka la gemu za mtumba Mwanjelwa, na ukoo wake wa mbali

Katika kichochoro kimoja cha Mwanjelwa, jijini Mbeya, kuna duka lisilozidi hatua nne kwa upana, ambalo huuza diski za PlayStation 4, na tena hupokea ile uliyokwisha kuichoka na kukupunguzia bei ya nyingine. Mwezi uliopita nilipeleka gemu ya mpira, nikaongeza shilingi 25,000, nikaondoka na gemu ya magari. Kabla ya kutaja bei, muuzaji aliipumulia diski yangu, akaifuta kwa kitambaa kuanzia katikati kwenda nje, kisha akaiinamisha chini ya tochi ya simu ili kutafuta mikwaruzo.

Biashara ya namna hiyo ndiyo iliyoinenepesha GameStop, kampuni ya maduka ya gemu ya Marekani. Chimbuko lake ni Babbage's, duka la programu za kompyuta lililoanzishwa Dallas mwaka 1984 na kupewa jina la Charles Babbage, mwanahisabati wa Uingereza. Mwaka 1994 liliungana na Software Etc., wauzaji wengine wa programu, na kuwa NeoStar, kampuni iliyofilisika miaka miwili tu baadaye; mabaki yake yakaangukia mikononi mwa Leonard Riggio wa maduka ya vitabu ya Barnes & Noble, na jina la GameStop likaja mwaka 1999. Ilipofika mwaka 2005 ilikwishammeza hata mshindani wake, Electronics Boutique. Diski mpya ilimwachia mwenye duka faida ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei ilikwenda kwa waliotengeneza gemu, lakini ile iliyotumika aliipangia bei mwenyewe, wakati wa kuinunua na wakati wa kuiuza. Watu walipozoea kupakua gemu kwa intaneti, chemchemi hiyo ilianza kukauka, kwani gemu iliyopakuliwa hairudishwi dukani.

Hapa kwetu diski bado ina maisha, maana gemu moja kubwa inaweza kuzidi GB 50, na kwa anayetegemea bando la simu, kuipakua ni gharama juu ya gharama. Kwa sababu hiyo ninalipendekeza duka hili, ingawa lina kasoro. Diski niliyoinunua Machi ilikuwa ikiganda kila nilipofika hatua ya tatu. Muuzaji aliipokea bila ubishi, lakini akanikata shilingi 5,000, jambo ambalo halikuwa haki. Runinga ya kujaribia ipo juu ya kaunta, ila haiwashwi mpaka mteja aombe. Omba, na usiridhike na picha ya mwanzo tu. Cheza angalau dakika kumi. Gemu za mpira za misimu iliyopita usihangaike kuzipeleka, kwani rafu ya chini imejaa hizo, na hata kwa shilingi 10,000 hazina mnunuzi.