Project FeederWatch: dola 18 za kuhesabu shomoro wa baridi

Project FeederWatch inaendeshwa na Cornell Lab of Ornithology, kituo cha utafiti wa ndege cha Marekani, kikishirikiana na shirika la Birds Canada. Mshiriki anahesabu ndege wanaokuja kula nyuma ya nyumba yake kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 30, kisha anatuma hesabu kwa programu ya simu au tovuti. Marekani ada ni dola 18 kwa msimu. Kanada unachangia kadiri ya uwezo. Kwa anayefuatilia shomoro, ada hiyo ina thamani yake.

Kinachoibeba ni kanuni ya kuhesabu. Unachagua siku mbili zinazofuatana, halafu unapumzika siku tano au zaidi kabla ya kuhesabu tena. Kwa kila aina unaandika idadi kubwa kuliko zote uliyoiona kwa mpigo mmoja. Asubuhi wakija wanne, mchana saba, jioni watatu, jibu ni saba. Ukijumlisha kumi na wanne umeharibu, kwa kuwa shomoro mmoja hurudi mara nyingi kwa siku. Dume na jike walioonekana nyakati tofauti nao hawajumlishwi. Siku isiyo na ndege iandikwe vilevile.

Eneo la kuhesabia unalipanga mwenyewe mwanzoni na halibadilishwi msimu mzima. Hapo ndipo mashabiki wa shomoro hujipunja: wanahesabu ndege wa kilishio (chombo cha kuwekea ndege chakula) kinachoning'inia tu. Shomoro wengi wa Amerika hula chini, wakiparua theluji na majani kwa kuruka nyuma na miguu yote miwili. Basi eneo lako liingize ardhi iliyo chini ya kilishio na ukingo wa kichaka kilicho karibu. Wawekee sinia pana la chini lenye matundu ya kutoa maji, ujaze punje ndogo nyeupe za jamii ya ulezi na alizeti kidogo. Mifuko ya bei nafuu huwa na mtama mwekundu mwingi. Shomoro huuacha, unalowana na kuota ukungu.

Utambuzi ndio mtihani wenyewe. Shomoro wa nyumbani, yuleyule wa mapaa ya Mombasa na Zanzibar, aliletwa Brooklyn kutoka Uingereza mwaka 1851. Shomoro wenyeji wa Amerika ni familia nyingine, na majina utayachagua kwa Kiingereza kwa sababu Kiswahili hakimo. Wanaochanganywa zaidi ni American Tree Sparrow na Chipping Sparrow, wote wenye utosi wa rangi ya kutu. Tazama mdomo na kifua. Wa kwanza ana mdomo wa rangi mbili, juu mweusi na chini njano, na doa jeusi katikati ya kifua kisicho na mistari. Wa pili, akishavaa manyoya ya kiangazi, ana mdomo mweusi, hana doa, na mstari mweusi unapita kwenye jicho. Katika majimbo ya kaskazini wanapokezana: Machi na Aprili wa kwanza anarudi kaskazini, wa pili anawasili. Ukiandika Chipping Sparrow Minnesota mwezi Januari, mfumo utakuuliza uthibitishe, kwa hiyo piga picha inayoonyesha mdomo. Uhakiki huo ni mzuri sana, na mgeni asiuchukulie kama kushukiwa.

Theluji ikianza kuyeyuka, mabaki yaliyo chini huoza na magonjwa kama salmonela husambaa. Zoa ardhi, osha vilishio kila baada ya wiki mbili: sabuni kwanza, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, loweka dakika kumi, suuza, kausha kabisa kabla ya kujaza. Ukikuta ndege ametunisha manyoya na hakimbii, ondoa chakula chote kwa muda. Kilishio kiwe ama ndani ya mita moja kutoka dirishani ama zaidi ya mita tisa. Katikati ya hapo ndege huruka kwa kasi ya kutosha kujiua kwenye kioo.

Asiye tayari kulipa atumie eBird, programu ya kurekodi ndege ambayo ni bure mwaka mzima, au Great Backyard Bird Count, hesabu ya ndege ya siku nne kila Februari, inayohitaji dakika 15 tu. Ila siku nne za Februari hazitakuonyesha zamu ya Aprili, na kwa shomoro hiyo ndiyo sehemu tamu.