Kamera gani ya Canon, G7 X Mark II au SX740? Mi nimeamuliwa na usiku wa hina

Jamani naomba nianze na simu, maana kila nikisema natafuta kamera mtu ananiambia si upige tu na simu. Kwetu Tanga ukialikwa usiku wa hina wa watu wenye staha zao, mlangoni anakaa mama mtu mzima na beseni la plastiki, simu unaitia humo, unapewa kikaratasi chenye namba unaingia ndani mikono mitupu. Humo ndani watu wamevua mabuibui, nywele nje, magauni ya kujiachia, hakuna anayetaka kesho ajikute kwenye status ya mtu asiyemjua. Lakini bi harusi picha anazitaka! Kwahiyo anatafutwa mwanamke mmoja mwenye kamera ya kweli, anapiga, shughuli ikiisha anachomoa memori kadi anamkabidhi mama wa bi harusi mkononi, yamekwisha. Kwa mitaa yetu ya Ngamiani siku hizi huyo mwanamke ni mimi.

Kamera yangu ya kwanza ilifia ufukweni Raskazone. Niliitoa kwenye pochi ambayo watoto walishajaza mchanga bila mi kujua, nikaiwasha, lenzi ikatoka nusu, ikasaga krrrr, ikakwama hapohapo, haitoki hairudi. Fundi akataja hela ambayo ukiongeza kidogo unapata nyingine. Hizi kamera ndogo lenzi yake inaingia na kutoka kama kichwa cha kobe, punje moja tu ya mchanga inatosha, kwahiyo ya sasa inakaa kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu na wanaonicheka wacheke.

Basi nikabaki na mbili za kuchagua, zote Canon, zote used. Ya kwanza PowerShot SX740 HS ya binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Maskati, akaniambia dada nipe laki tisa tu sababu ni wewe. Ya pili PowerShot G7 X Mark II, iko kwa kijana mmoja anauza vitu vya elektroniki vya mtumba, yeye alianzia milioni moja na laki tatu na alikuwa hacheki. Nilimwachia amana nikaichukua siku mbili, na ya binamu nikawa nayo wiki nzima, kwahiyo ninachosema hapa nimepiga mwenyewe kwa mkono wangu.

(Kulikuwa na Sony moja pia, nzuri kweli, ila ilikuwa ya soko la Japani na menyu yake yote ya Kijapani. Sony nyingi za huko hazina sehemu ya kubadili lugha. Nikairudisha mezani taratibu.)

Sasa ukiziweka pamoja kwa makaratasi utasema hamna cha kujadili chukua SX740. Ni mpya zaidi, imetoka 2018 na mwenzake 2016. Inapiga vidio za 4K, zile kali zaidi, G7 X Mark II inaishia full HD ambayo iko chini yake. Ni nyepesi kidogo, gramu 299 kwa 319. Alafu zumu... zumu ya SX740 ni mara 40, yaani kwa kipimo cha lenzi ni kutoka milimita 24 (inaona pana) mpaka 960 (inavuta mbali), wakati G7 X inaanzia hapohapo 24 inakomea 100, mara nne na kidogo tu. Megapikseli zote 20. Bei ya chini ni ile yenye mambo mengi, ya juu ni ile yenye mambo machache, hata mama yangu aliniuliza wewe mtoto una akili sawasawa?

Na mchana kweli SX740 ilinichanganya. Jioni moja nikaenda nayo Raskazone, nikakaa kwenye ukuta nikavuta zumu kuelekea kisiwa cha Toten, ngalawa ambayo kwa macho ni kama punje ya mchele nikaiona mpaka kiraka cha tanga na mtu anakomba maji kwa kopo. Nikacheka peke yangu. G7 X pale haifanyi kitu, unapata bahari nyingiii na kidoa. Tena SX740 ina kitufe pembeni, ukishavuta mbali kitu kikakupotea unakibonyeza inarudi nyuma kidogo, unakitafuta, unaachia inarudi palepale ilipokuwa, nimekipenda hicho kitufe kuliko kitu kingine chochote kwenye kamera ile. Ila msidanganyike, ile zumu yote uliyolipia saa sita mchana juu ya maji haina kazi, joto linapanda picha inacheza kama unaangalia kupitia moshi wa jiko, hapo hata lenzi ya milioni kumi haikusaidii. Asubuhi na jioni ndio saa zake.

Basi nikarudi nyumbani nshaamua. Nikamwambia binamu hela nakupa mwisho wa mwezi.

Alhamisi ikaja shughuli barabara ya kumi na mbili huko, usiku wa hina, nikabeba zote mbili. Sasa mnajua taa za shughuli zetu zilivyo, taa nyeupe wanazizima kwasababu zinaharibu mandhari, wanabakiza zile za kuzunguka nyekundu na zambarau na taa moja nyuma ya kiti cha bi harusi, sisi tuko weusi, hina nyeusi, piko nyeusi. Nikaanza na SX740. Kwenye kiskrini picha zinaonekana poa tu, nikaendelea kupiga kwa raha zangu. Kufika nyumbani kuzifungua kwenye laptopu, mikono ya bi harusi, ile hina iliyochorwa masaa manne na somo yake, maua na majani mpaka kwenye viwiko... imekuwa tope. Yaani ukiangalia unaona kuna kitu cheusi kimepakwa. Nyuso zimelainika kama nta, nyusi zimeungana na kope. Alafu picha sitini hivi za vigelegele na watu wanaocheza zote zimetikisika.

Za G7 X ambazo nilipiga chache tu katikati ya shughuli kwa kujaribu, unahesabu majani ya hina moja moja.

Ntaeleza kwanini, maana muuzaji hatakwambia. Nyuma ya lenzi kuna kile kidude kinachopokea mwanga, sensa. Ya G7 X inaitwa ya inchi moja, jina tu hilo, kiuhalisia ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ya SX740 ni kama milimita 6 kwa 4 na nusu, ndogo sana, eneo lake ni kama robo ya ile. Kwahiyo megapikseli 20 kwa megapikseli 20 ni sawa na kusema watu ishirini kwenye basi na watu ishirini kwenye bajaji, idadi ni ileile ila kule wanapumua. Ya pili ni tundu la lenzi. G7 X inaanzia f/1.8 na hata ukivuta zumu mpaka mwisho inabaki f/2.8. SX740 inaanzia f/3.3 na mwisho wa zumu ni f/6.9. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na hapo kwenye kuanzia tu G7 X inaingiza mwanga zaidi ya mara tatu.

Alafu kuna ISO, namba ya kamera kuongeza nguvu ya mwanga, ikipanda picha inachafuka. Usiku ule G7 X ilikuwa inapiga kwa ISO 800, na kwa hali hiyohiyo SX740 inaenda 3200, na 3200 ndio kilele chake, haina pa kupanda tena! Ukivuta zumu kidogo tu umpate shangazi anayelia kule nyuma, tundu linazidi kuwa dogo, ISO imeshagota ukutani, kwahiyo kamera inafanya nini, inapunguza spidi ya kunasa picha, na mtu anayecheza hawezi kukusubiri. Ndio zile sitini zangu. Sio mkono wangu ulitetemeka, nilisemwa bure.

Flashi zote mbili wanazo ndogo ya kuchomoza juu. Mi sizitumii humo, ukimpiga mtu flashi usoni aliyejipaka lulu na mafuta ya karafuu anang'aa kama sufuria, na bibi mmoja alishaniambia mwanangu hako karadi kako peleka nje.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni skrini. Zote zinageuka kuja juu mpaka ukajiona mwenyewe, ila ya G7 X inainama na chini pia, kama nyuzi 45. Utasema kitu kidogo hicho. Subiri ubanwe nyuma ya wanawake themanini wenye vilemba, bi harusi anatolewa chumbani, unanyanyua kamera juu ya vichwa vyao, na G7 X unainamisha skrini unaona unachopiga. Na SX740 unabahatisha, nina picha safi kabisa ya pangaboi. Alafu G7 X skrini ni ya kugusa, unagusa jicho la mtu fokasi inakaa hapo, SX740 haina hiyo, unahangaika na vitufe huku tukio limepita.

Kwa anayehariri, G7 X inatoa na faili za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaipika, SX740 ni JPEG tu, picha iliyokwisha pikwa. Zile taa nyekundu zinazowafanya watu wawe kama wamepakwa rangi ya mafuta, kwenye RAW nazipunguza ngozi inarudi kuwa ngozi. Ndio nusu ya kazi yangu hiyo kwahiyo kwangu sio jambo dogo, kwako huenda halikuhusu kabisa.

SX740 ilipopata heshima yake humo ndani ni moja, kusogea karibu. Inashika fokasi mpaka sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, G7 X inataka 5. Pete, kikuku, kipini, mchana kwenye mwanga wa dirisha inatoa vitu vizuri mno.

Betri ndio kichekesho, zote zinatumia betri ileile, NB-13L, na Canon wenyewe wanasema kama picha 265 kwa chaji moja kwa kila moja. Hazifiki shughuli nzima. Kuwa na mbili au tatu, na ukinunua za bei chee angalia zisiwe zimevimba. Sehemu ya kuchomeka maiki ya nje hamna kwenye zote mbili, kwahiyo kama unataka kurekodi taarabu au kaswida sauti ikae vizuri tafuta G7 X Mark III ya 2019, hiyo ina maiki na 4K, ila bei yake mi niliisikia nikanyamaza. Wai-fai wanazo zote, mi nimeizima kwenye menyu na huwa nawaonesha akina mama kabla sijaanza, maana wameshaanza kuuliza hako kanatuma wapi.

Kwa mnaonunua used. Usiku uleule kabla sijarudisha nilifanya hivi: niliwasha na kuzima kama mara ishirini nikisikiliza lenzi, inatakiwa iteleze bila kukoroma. Nikapiga karatasi nyeupe tundu likiwa dogo kabisa, f/11 kwa G7 X na f/8 kwa SX740, ukiona madoa yaleyale sehemu ileile kila picha hilo ni vumbi limeshaingia ndani. Alafu nikamulika lenzi kwa tochi kwa pembeni kutafuta kuvu, sisi wa pwani hili tulijue, unyevu wa huku kamera ikikaa kabatini miezi kwenye giza inaota nyuzinyuzi kama za buibui ndani ya kioo, na ikishaota muuzaji atakwambia ni alama za vidole. Ya binamu ilikuwa safi. Ya kijana ilikuwa na mkwaruzo kwenye mwili na vumbi mawili matatu pembeni, lenzi safi.

Nikachukua G7 X. Kijana alishuka mpaka milioni moja laki mbili na nusu, chini ya hapo aliniambia nenda kaangalie TikTok, vijana wote wanaitafuta hii, na kweli wanaitafuta ndio maana kamera ya 2016 haishuki bei. Kama ningekuwa napiga ndege kwenye mikoko, au mpira Mkwakwani nimekaa jukwaani, au natembeza wageni Amboni na Tongoni mchana, ningechukua SX740 na laki tatu na nusu ningekula samaki. Mle ndani ya mapango ya Amboni yenyewe lakini isingenisaidia, kule ni giza na tochi.

Kumwambia binamu ndio ilikuwa ngoma, alikuwa ameshaipigia hesabu hela ya tiketi. Akanuna siku mbili, nikampigia picha za mwanae kwa G7 X sebuleni taa ya umeme hafifu ileile ya kwetu, akaziangalia, akaziangalia tena, akaniuliza kule kwa yule kijana ipo nyingine?

Haipo. Na mkanda wa mkononi iliokuja nao umekatika wiki ya pili, nimeufunga kwa uzi wa cherehani.