Dremel 4000 na diski ya kukatia plastiki: mi naisifia spidi yake ya chini

Nimekatia plastiki na Dremel 4000, mashine ndogo ya mkononi inayozungusha diski kwa kasi, muda wa kutosha sasa, naweza kuisemea. Kama kazi zako ni maboksi ya ABS (ile plastiki ngumu) ya kuwekea saketi, vipande vya akriliki, mabomba ya PVC, na umechoka kuona kingo zimeyeyuka zimevimba kama nta ya mshumaa, hii inakuhusu.

Nilianza na mashine nyingine ndogo ya aina hii hii, na spidi yake ya chini kabisa bado ilikuwa kali mno. Napitisha diski naona kabisa imekata, nikiinua nakuta plastiki imeshaganda nyuma yake imeungana tena, kazi bure. Nikadhani jiwe, yaani hiyo diski, limeisha nikabadilisha, yale yale. Kumbe shida ilikuwa joto. ABS na akriliki zinalainika kwenye nyuzi joto 100 na kitu hivi, PVC ngumu inawahi zaidi, karibu 80, sasa jiwe linalosugua mizunguko 30,000 kwa dakika linafika hapo mara moja.

Dremel 4000 inaanzia mizunguko 5,000 inapanda mpaka 35,000. Watu wanaisifia ile 35,000 lakini kwa plastiki ile 5,000 ndo yenye faida. Piga hesabu tu: diski ya milimita 38 ikienda 30,000, ukingo wake unakimbia karibu mita 60 kwa sekunde, ukishusha mpaka 10,000 unabaki na mita 20. Kwa hiyo mi naanzia chini napandisha taratibu huku naangalia kinachotoka, zikitoka chenga kavu zinazopukutika niko sawa, zikianza kutoka nyuzi zinazonata kwenye diski nashusha spidi au naacha ipoe kwanza.

Diski ninayotumia ni ile namba 476 ya kukatia plastiki, ya mfumo wa EZ wa kubadilisha diski haraka, unavuta unazungusha unaachia imeshika, bisibisi ya nini. Vile vijiwe vyembamba vya kawaida vinakata pia ila ukipinda mkono kidogo tu vinapasuka na kipande kinaruka, miwani lazima jamani, hata kwa mkato wa sekunde tano.

Halafu usisukume. Hapa ndo wengi wanaharibu. Bana kipande kwenye jiriwa au klampu kisitetemeke, bandika tepu ya karatasi uchore mstari juu yake, pita mara ya kwanza juu juu upate mfereji, kisha rudia mara tatu nne ukizama kidogo kidogo. Mfereji wa kwanza ukinyooka na mengine yananyooka. Vinundu vitakavyobaki ukingoni usivishike vikiwa vya moto, vikipoa vinang'oka kwa wembe, unamalizia na msasa namba 240 halafu 400, basi. PVC kata sehemu yenye hewa, ikianza kuungua inatoa hidrojeni kloridi, inakwangua koo vibaya sana.

Kitu kimoja ujue kabla hujanunua: diski ni duara, kwa hiyo ukikata dirisha kwenye boksi, mkato wa juu unakuwa mrefu kuliko wa chini. Ukitaka kona ikamilike upande wa ndani, kwa nje unakuwa umeshapitiliza alama, na hilo kovu halifutiki. Mi natoboa kona zote nne kwanza kwa drili, nakata pande na diski naishia kabla ya kona, pale palipobaki namalizia kwa tupa ndogo. Inachukua muda lakini dirisha linatoka safi kabisa, skrini inakaa bila kuacha mwanya.

Ila kama unachokata ni shiti za akriliki nyembamba kwa mistari iliyonyooka tu, hauihitaji. Kwaruza kwa kisu na rula mara kadhaa, weka ukingoni mwa meza, vunja. Ukingo unatoka safi kuliko wa diski yoyote.